Pepa Imeisha, Mbona Mtihani Wangu Hauishi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa kidato cha nne, nasoma shule ya kutwa hapa Morogoro. Tumetoka kufanya moko ya mkoa, ule mtihani wa majaribio, na matokeo bado. Nakuandikia kwa sababu Novemba inakuja na mtihani wa taifa, na mtihani wenyewe siuogopi kama ninavyoogopa yanayotokea mtihani ukiisha.

Shuleni kwetu kuna mwarobaini mkubwa nyuma ya maabara. Pepa ikiisha tu, wote tunajikuta pale. Kuna mvulana darasani tunamwita Profesa, yeye ndiye huanzisha. "Namba moja, kipengele cha nne, nani kaweka C?" Walioweka C wanashangilia, sisi wengine tunaanza kuhesabu hasara. Hakuna anayemuuliza yeye kaitoa wapi hiyo C.

Siku ya praktiko ya Fizikia tulipewa pendulamu, kizito kinachobembea kwenye uzi. Urefu wa uzi niliusoma kwa sentimita, nikachora grafu ya kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu, mteremko ukatoka 0.04, na g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, nikapata 987. Niliandika kabisa cm/s². Nilitoka maabara nikiwa na furaha maana nukta zangu zilikaa kwenye mstari vizuri kuliko siku zote. Kufika chini ya mwarobaini, kila mtu mteremko wake 4, na g yake 9.8 au 9.9. Niliposema 987 walicheka mpaka wakashika mbavu. Profesa akauliza, "Wewe jaribio ulilifanyia kwenye jua?" Tangu siku hiyo naitwa Jua.

Usiku ule sikulala. Kesho yake asubuhi ilikuwa Kemia, karatasi ya kwanza, na Kemia ndilo somo langu. Nilikaa na pepa mbele yangu kichwa kikiwa bado kwenye pendulamu. Swali la moli, ambalo jioni huwa nawaelekeza wenzangu, niliandika nusu nikaliacha.

Ikaja praktiko ya Kemia. Binti wa mama mdogo anasoma shule nyingine hukohuko mkoani, moko yetu ni moja. Jioni akanitumia ujumbe WhatsApp: kwenye taitresheni wastani wake wa ujazo uliotoka kwenye bureti ni 25.10 cm³. Wangu ulikuwa 20.10. Nikajua nimekwisha.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Baba alimwambia kaka, ambaye yuko chuo kikuu mwaka wa pili, akae na mimi tupitie karatasi ya maswali ya Fizikia moja baada ya jingine. Tulimaliza saa tano usiku. Kaka akanijumlishia 38. Baba akasema kama ni 38, basi PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) niisahau, nianze kufikiria HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mapema. Mama yeye ananiambia maji yakimwagika hayazoleki, niache kulia.

Halafu kuna rafiki yangu, nimwite Z. Huyu hawezi kula mpaka alinganishe majibu na mimi. Nikimwambia sitaki, ananuna na kusema najidai, eti nimepata yote.

Shangazi, ni kweli nimefeli? Na Novemba nifanyeje na hawa watu? Kuna siku natamani pepa ikiisha nitokee dirishani.

Anayeitwa Jua, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hiyo 987, maana ndiyo iliyokunyima usingizi, na mimi kabla ya kuandika safu hii nilishika chaki miaka mingi.

Uzi wa urefu wa mita moja ukibembea, kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 2. Kipeo cha pili cha 2 ni 4. Mwenzako aliyeandika urefu ule kuwa 1, yaani mita, mteremko wake utatoka 4. Wewe uliyeandika urefu uleule kuwa 100, yaani sentimita, unagawanya 4 kwa 100 na kupata 0.04. Sasa tafuta g. Unachukua 4π², ambayo ni kama 39.48, unagawa kwa mteremko. Yeye anapata 9.87, kwa mita. Wewe unapata 987, kwa sentimita. Na sentimita 987 ni mita 9.87. Mmepima dunia moja, mwanangu, na mmeipima vizuri wote wawili.

Kama karatasi iliagiza urefu uandikwe kwa mita, hapo kuna alama utapoteza, na ni vizuri ulijue sasa ili Novemba usome maagizo kwa kalamu mkononi, ukipigia mstari kila kizio. Lakini jaribio hukulifeli. Na kwa taarifa ya Profesa: g kwenye uso wa jua ni kama 274 m/s². Hata huko asingeipata hiyo 987 aliyokuwa anaifikiria.

Taitresheni sasa. Mpigie binti wa mama mdogo umuulize swali moja tu: pipeti yenu ilikuwa ya ngapi? Kuna shule zina pipeti za 20 cm³ na shule zina za 25 cm³. Kama mlipewa myeyusho uleule, aliyenyonya 25 atamimina kutoka kwenye bureti zaidi ya aliyenyonya 20, kwa uwiano huohuo. 25.10 ukiizidisha kwa 20 na kugawa kwa 25 unapata 20.08. Wewe umeandika 20.10. Mngekaa meza moja msingekubaliana zaidi ya hapo! Ndiyo maana karatasi ya praktiko hukuuliza ujazo wa pipeti uliyotumia: msahihishaji anajua kwamba shule hazifanani vifaa. Anayekutumia namba usiku kwa WhatsApp hakuulizi hilo.

Nimeanza na hesabu badala ya kukufariji kwa sababu majibu yako mawili yaliyokuliza ni majibu mazuri, na mwarobaini uliyahukumu kuwa mabaya. Hiyo ndiyo shida yangu na ule mti. Kulinganisha majibu si dhambi. Sayansi yenyewe inakwenda kwa kulinganisha. Mtu akipima kitu mahali fulani, mwingine anakipima upya kwingine waone kama wanakubaliana. Ila wanasayansi huulizana "umepimaje?" Mwarobaini unauliza "umepata ngapi?" na ukishajibu, hukumu imeshatoka.

Na msahihishaji hakai pale. Msahihishaji ana mwongozo mkononi, na mwongozo hugawa alama hatua kwa hatua. Praktiko ya Fizikia ya kitaifa ni maswali mawili, kila moja alama 25. Katika hizo 25 kuna jedwali lako, kuna vizio, kuna kichwa cha grafu, mihimili, skeli, nukta, mstari wenyewe, mteremko, na ndipo inakuja g. Nukta zako zilikaa kwenye mstari, umesema mwenyewe. Nani chini ya mwarobaini alikuuliza habari za nukta?

Karatasi ya nadharia ni hivyohivyo. Kwa muundo wa sasa wa Baraza la Mitihani, sehemu A, ile ya kuchagua herufi na kuoanisha, ina alama 16 katika 100. Kumi na sita! Ndizo Profesa anazozipigia kelele, kwa sababu ndizo pekee zinazoweza kupigiwa kelele: herufi ni C au si C. Zile 84 zilizobaki ziko kwenye sehemu B na C, kwenye maelezo na hesabu, na hizo huwezi kuzilinganisha mkiwa mmesimama juani na njaa tumboni. Chukua lenzi mbonyeo yenye umbali wa fokasi 10 cm, kitu kimewekwa 15 cm. Mtu anaandika kanuni sawasawa, anaweka namba sawasawa, anapata moja ya thelathini, kisha kwa haraka anasahau kugeuza na kuandika 0.033 badala ya 30 cm. Chini ya mwarobaini huyo amekosa swali zima. Kwenye mwongozo amekosa hatua ya mwisho.

Kwa hiyo 38 ya kaka yako naiheshimu, kijana amekaa na mdogo wake mpaka saa tano usiku, wengine wangekuwa kwenye mpira. Lakini hakusahihisha karatasi yako. Alisahihisha kumbukumbu yako, na kumbukumbu ya mtoto aliyechoka, aliyechekwa mchana kutwa, na anayetazamwa na baba yake. Mtoto wa namna hiyo hukumbuka alichokosea na kusahau alichopata. Inaweza kuwa 38, inaweza kuwa 55. Sijui, na kaka hajui. Baraza linahesabu C kuanzia 45 na D kuanzia 30, hivyo katika hizo namba mbili kuna maisha tofauti, na hakuna mtu nyumbani kwenu mwenye uwezo wa kuzichagua leo.

Naomba hapa nizungumze na baba yako kidogo. Mpe simu asome mwenyewe.

Mzee mwenzangu, salaam. Najua unalipa ada, unalipa na tuisheni, na una haki ya kujua pesa inakwenda wapi. Ila siku mtoto ana mtihani mwingine kesho asubuhi, kumkalisha na karatasi ya leo ni kumtoza mara mbili. Fizikia imeshafungwa kwenye bahasha, wewe na mimi hatuwezi kuifungua. Kemia ya kesho bado iko mikononi mwake. Akirudi, mwulize kama amekula. Muulize kesho ana somo gani na anahitaji nini. Ukitaka kusaidia zaidi, simu ya nyumbani izimwe saa tatu. Hayo maswali ya "uliandika nini" yaweke mpaka siku atakayomaliza karatasi ya mwisho, na siku hiyo ukiona bado unataka kuyauliza, uliza.

Turudi kwetu, mwanangu.

Mama yako ana methali nzuri, lakini kwa moko haijakaa mahali pake. Novemba ndiyo maji yakimwagika hayazoleki. Moko unayazoa yote! Karatasi zitarudi na wino mwekundu, na hapo ndipo pa kulinganisha mpaka mchoke. Chukua yako, chukua ya Z, na kama una moyo, mwite na Profesa. Kaeni darasani, si chini ya mti, na kitabu kiwe wazi. Kila swali mlilotofautiana, mmoja aeleze alivyofika pale alipofika, mwingine asikilize bila kucheka. Umuoneshe Profesa ubaoni hiyo 0.04 yako ilivyo sawa na 4 yake. Nakuhakikishia hatakuita Jua tena, au atakuita kwa adabu.

Kuna kitu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakijui na walimu wengine wanakisahau. Kila mwaka Baraza la Mitihani hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa kila somo, na ziko kwenye tovuti yao bure. Mle ndani wamepita swali kwa swali: wanafunzi waliopata waliandika nini, waliokosa waliandika nini na walichanganya wapi, na mara nyingi wanaweka na picha ya mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe, jibu zuri na jibu bovu. Mkitaka kulinganisha majibu, linganisheni na hao. Pakua ya Fizikia na ya Kemia za miaka ya karibuni, au muombe mwalimu wako wa somo akuchapishie kurasa za praktiko. Utakuta makosa ya vizio yamesemwa humo mpaka utajisikia nafuu.

Novemba yenyewe haina mambo mengi.

Kuhusu Z. Huyo mtoto hakuulizi kwa sababu ya majivuno, anauliza kwa sababu anaogopa kuliko wewe. Anataka mtu amwambie "na mimi niliweka hivyo" ili aweze kumeza chakula. Tatizo ni kwamba mkitofautiana, hofu yake inahamia kwako na wote wawili mnalala macho. Usimngoje mpaka mtoke kwenye chumba, pale atakuwa ameshafungua mdomo na utaonekana unamkatalia. Zungumza naye wiki moja kabla. Mwambie hivi: "Z, Novemba hii tusiulizane majibu mpaka pepa ya mwisho. Tukitoka twende tukale, halafu tusome ya kesho pamoja." Unaona umempa kitu badala ya kumnyima. Atajaribu kuvunja siku ya kwanza, hilo lijue. Akisema "ila namba tisa tu," wewe jibu "namba tisa tutaila na pilau siku ya mwisho." Akinuna, mwache anune, kufika saa kumi atakuja kukuuliza ya kesho.

Kuhusu mwarobaini, usipite huko. Sisemi utoke dirishani, wasimamizi watashika roho. Toka mlangoni, rudisha ulichotakiwa kurudisha, elekea getini. Mtu akikuita kwa mbali na namba ya swali, punga mkono na uendelee. Hakuna kanuni ya shule inayokulazimisha kujibu.

Kuhusu simu, toka kwenye makundi ya darasa kwa muda wote wa mitihani, au simu mwachie mama. Na hapa niseme jambo ambalo hukuniuliza. Makundi yaleyale yanayolinganisha majibu ya leo jioni ndiyo ambayo usiku wa manane mtu huingia na kuuza "pepa ya kesho". Nyingi ni utapeli mtupu, watoto wanatuma pesa na kupewa mtihani wa mwaka uliopita umebadilishwa tarehe. Na ikiwa siyo utapeli, ni kesi, na Baraza hufuta matokeo. Usiwe hata mjumbe aliyekaa kimya mle.

Usiku kabla ya pepa, ukilala na kichwa kikarudi kwenye swali la mchana, na kitarudi, inuka uandike kwenye kipande cha karatasi: "Fizikia namba tisa, nitaitazama baadaye." Kifungie kwenye begi. Nimewapa wanafunzi wangu njia hii na wengi wao iliwasaidia kulala. Wachache haikuwasaidia, na hao niliwapeleka kwa mwalimu mnasihi wa shule. Nawe vilevile. Ikiwa tangu moko iishe huli vizuri, au unaamka usiku moyo unakwenda mbio, usisubiri Novemba. Shule yenu ina mwalimu wa ushauri na unasihi, na kama yule hamuivi, tafuta mwalimu yeyote wa kike unayemwamini. Hilo la kukosa usingizi wiki nzima halitibiwi na Shangazi wa kwenye simu.

Swali la moli uliloliacha nusu, hilo ndilo la kweli lililopotea, na limepotea kwa sababu ya pendulamu iliyokuwa sahihi. Lifanye upya leo jioni, lote, kwa muda uleule wa mtihani. Nina hakika litatoka.

Na tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano. Mwambie baba hakuna kinachomlazimu kuamua sasa. Matokeo ya kidato cha nne kwa kawaida hutoka Januari, na yakishatoka TAMISEMI hufungua selform, mfumo wa mtandaoni wa kuchagua masomo, ili mwanafunzi abadilishe tahasusi aliyoijaza mwanzo, akitaka. HGL ni tahasusi ya heshima, na kama siku moja utaipenda, nenda. Kwa sasa PCB iache kwenye fomu kama ulivyoijaza.

Shangazi